Kulinda usahihi wa data kwenye RAID: kidhibiti cha maunzi, md ya Linux, ZFS au Btrfs?

Watu wengi wanaponunua diski za kuunda RAID huuliza swali moja: diski ngapi zinaweza kufa kabla sijapoteza data? Swali hilo ni halali, na msingi wa jibu lake uliwekwa mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoeleza namna ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili zifanye kazi kama diski moja na zihimili kufa kwa mojawapo. Lipo swali la pili ambalo haliulizwi sana, nalo ndilo linalotenganisha mifumo minne ninayoilinganisha hapa. Itakuwaje ikiwa diski haijafa, inajibu kila ombi kwa wakati na taa yake ni ya kijani, ila inachokirudisha sicho kilichoandikwa?

Diski iliyokufa hujitangaza: haijibu, au inajibu kwa kosa, na mfumo unaitoa kundini. Diski inayodanganya haina dalili hiyo. Huenda programu yake ya ndani iliandika sekta mahali pasipo pake. Huenda ilikiri kwamba imeandika ilhali hakuna kilichofika kwenye sahani. Au huenda biti ziligeuka njiani kwa sababu ya kebo mbovu au kumbukumbu yenye hitilafu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison na wenzao, wakishirikiana na kampuni ya NetApp, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zipatazo milioni 1.53 kwa miezi 41. Walikuta matukio zaidi ya 400,000 ya data isiyolingana na cheksamu yake, yaani ile namba fupi inayokokotolewa kutokana na data yenyewe ili baadaye ithibitishe kwamba haijabadilika. Takriban asilimia 8 ya matukio hayo yaligunduliwa wakati safu ya RAID ikijengwa upya, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa diski moja tayari haipo na hakuna ziada iliyobaki ya kusahihishia.

Msimamo wangu niuseme mapema, ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. RAID isiyo na cheksamu inahakikisha kwamba utapata jibu kila unapoomba data, lakini haina njia ya kujua kama jibu hilo ni la kweli. Kwa data ambayo hakuna atakayeitazama kwa miaka mitano, kisha siku moja ikahitajika ikiwa kamili, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya RAID 5, inayohimili kufa kwa diski moja, na RAID 6, inayohimili kufa kwa mbili.

Pariti inachokijua na isichokijua

Tuchukue RAID 5 ndogo yenye diski tatu. Diski ya kwanza ina biti 1011, ya pili 0110, na ya tatu ina pariti, ambayo hupatikana kwa kulinganisha biti moja moja: zikifanana inaandikwa 0, zikitofautiana inaandikwa 1. Hapa pariti ni 1101. Diski ya pili ikifa, unalinganisha 1011 na 1101 kwa kanuni ileile na kuipata 0110 kama ilivyokuwa. Hesabu hiyo haina dosari yoyote, mradi diski mbili zilizobaki zinasema kweli.

Sasa diski ya kwanza ikosee kwa biti moja tu, irudishe 1010. Katika usomaji wa kawaida hakuna atakayegundua, kwa sababu RAID 5 haigusi pariti wakati diski zote zinajibu. Programu inapokea 1010 na kuendelea na kazi. Ukaguzi wa safu nzima ukipita, utaona kwamba 1010 na 0110 zinadai pariti ya 1100, ilhali iliyoandikwa ni 1101. Hapo mfumo unajua kwamba mojawapo ya diski tatu inadanganya, lakini hauwezi kusema ni ipi. Mbaya zaidi, diski ya pili ikifa katika hali hiyo, itajengwa upya kutoka 1010 na 1101, na matokeo yatakuwa 0111 mahali pa 0110. Diski iliyokuwa salama imerithi kosa la jirani yake, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotolewa.

RAID 1, inayoweka nakala kamili ya data kwenye kila diski, ina udhaifu uleule kwa sura nyingine. Nakala mbili zikitofautiana, hakuna ya tatu ya kuamua, na hata ikiwepo, mifumo mingi haiiulizi. RAID 6 ina pariti mbili, na kihisabati pariti mbili zinatosha kumtambua mwongo mmoja. Lakini kuwa na uwezo wa kukokotoa jambo ni tofauti na kulikokotoa, na nitalirudia hilo nikifika kwenye md.

Pariti ina tatizo la pili, ambalo mafundi huliita shimo la uandishi. Kubadilisha data kwenye RAID 5 kunahitaji maandishi mawili, data mpya kwenye diski moja na pariti mpya kwenye nyingine, na diski mbili haziwezi kuandika kwa tendo moja lisilogawanyika. Umeme ukikatika katikati, data inakuwa mpya na pariti inabaki ya zamani. Athari haionekani siku hiyo. Itaonekana miezi kadhaa baadaye diski nyingine ikifa, na kinachoharibika huenda kikawa faili ambalo halikuwa likiandikwa kabisa wakati umeme ulipokatika, kwa kuwa tu lilikaa kwenye mstari mmoja, yaani kundi la vipande vinavyoshiriki pariti moja, na lile lililokuwa likiandikwa.

Kidhibiti cha maunzi

Kadi ya RAID yenye kichakataji na kumbukumbu yake ndiyo njia ya zamani, na bado ndiyo inayokuja na seva nyingi. Nguvu yake halisi ni kashe, yaani kumbukumbu ya muda ya kasi, inayolindwa kwa betri, au kwa kapasita kubwa pamoja na kumbukumbu ya flashi, ambayo hushikilia maandishi yasiyokamilika hadi umeme urudi. Kwa hilo shimo la uandishi linazibwa vizuri, na maandishi ya nasibu yanakwenda kwa kasi ambayo mifumo ya programu huifikia kwa taabu. Kadi nzuri pia hufanya ukaguzi wa diski nyuma ya pazia na kurekebisha sekta zisizosomeka.

Kwa uwongo wa kimya, hata hivyo, kadi ya kawaida haina jibu, kwa kuwa inaona sekta na pariti tu, na pariti tumeshaona inapoishia. Dawa iliyopo ni diski za SAS, aina itumikayo kwenye seva, zenye sekta za baiti 520, ambamo baiti 8 za ziada hubeba cheksamu, namba ya mahali sekta inapopaswa kukaa, na alama ya programu. Mpangilio huo hugundua sekta iliyoharibika njiani na ile iliyoandikwa mahali pengine. Haugundui andiko lililopotea, kwa sababu sekta ya zamani pamoja na baiti zake 8 za zamani bado zinapatana kikamilifu. Isitoshe, unahitaji diski, kadi na mfumo endeshi vinavyouelewa mpangilio huo kwa pamoja, na diski za SATA, zile za kawaida za kompyuta za mezani, haziupati.

Mambo mawili huwaponza watumiaji wa kadi hizi. La kwanza ni betri kuzeeka: kadi huacha kutumia kashe ya maandishi, seva inakuwa nzito ghafla, na msimamizi asiyejua sababu hulazimisha kashe iwashwe bila betri, jambo linalofungua upya shimo lililokuwa limezibwa. La pili ni kashe ya ndani ya diski zenyewe, ambayo betri ya kadi hailindi. Isipozimwa, ahadi ya kadi inakuwa na mwanya. Tena, kadi ikifa utahitaji nyingine ya ukoo uleule ili diski zisomeke.

md ya Linux, na dm-integrity chini yake

md ni RAID iliyomo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux. Faida yake kubwa ni uwazi: diski ukizihamishia kwenye kompyuta yoyote yenye Linux zitasomeka, na kila inachofanya kimeandikwa wazi. Kuanzia Linux 4.4 inaweza kutumia diski ya ziada ya kasi kama daftari la maandishi, na kuanzia 4.12 inaweza kuhifadhi kumbukumbu ya sehemu ya pariti ndani ya safu yenyewe ya RAID 5. Njia zote mbili huziba shimo la uandishi kwa gharama ya kasi. Watu wengi hudhani kwamba ile ramani ya biti inayowekwa kwa kawaida hufanya kazi hiyo. Haifanyi. Ramani huonyesha tu sehemu zipi zilinganishwe upya baada ya umeme kukatika, ili ulinganishaji uchukue dakika badala ya saa nyingi.

Kinachonisumbua kuhusu md ni neno lake la `repair`. Ukaguzi wa kawaida, ambao Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, huuendesha Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, huhesabu tofauti na kuziweka kwenye kihesabu cha `mismatch_cnt` bila kugusa data. Ukiamuru `repair` kwenye RAID 5, md huamini data na kuandika pariti upya. Katika mfano wetu itafuta 1101 na kuweka 1100, na tangu hapo 1010 ndiyo inayotambulika kuwa sahihi, bila ushahidi wowote uliobaki wa kuipinga. Kwenye RAID 1 huchukua nakala moja na kuiandika juu ya nyingine bila kujua ipi ni nzima. Hata kwenye RAID 6, ambapo hesabu ingeweza kumtaja mwongo, pariti zote mbili hukokotolewa upya kutoka kwenye data iliyopo. Chombo cha `raid6check` kinaweza kukutajia diski inayoshukiwa, lakini kinaendeshwa kwa mkono na wachache wanakijua.

Jaribio dogo huliweka wazi jambo hili, na kila anayesimamia seva anapaswa kulifanya mara moja kwenye mashine isiyo na data ya maana. Unda RAID 1 ya diski mbili, weka faili kubwa, kisha andika takataka moja kwa moja kwenye sehemu ya diski ya pili inayobeba faili hilo, bila kupitia md. Futa kashe ya mfumo na ukokotoe cheksamu ya faili hilo kwa amri ya `md5sum` mara kadhaa, ukifuta kashe kila mara. Huenda ukapata majibu tofauti kwa faili lilelile, kwa kuwa md huchagua diski ya kusoma kwa kuangalia ipi iko karibu au haina kazi. Nilipoliona hilo kwa macho yangu nililazimika kurudia amri mara nne kabla ya kukubali kwamba sikukosea kuandika.

Tiba ipo, nayo ni dm-integrity, iliyoingia kwenye kerneli toleo la 4.12 mwaka 2017. Inawekwa chini ya md, juu ya kila diski, na huhifadhi cheksamu ya kila sekta. Sekta isipolingana, dm-integrity haitoi data mbovu bali hutoa kosa la usomaji, na kosa la usomaji ni jambo ambalo md imelijua tangu zamani: huchukua data kutoka diski nyingine, huiandika upya pale palipoharibika, na programu haihisi chochote. Rudia jaribio la juu ukiwa na tabaka hili na `md5sum` itakuwa ileile kila mara. Gharama yake ni kwamba daftari lake la ndani huandika kila kitu mara mbili, ingawa kuanzia Linux 5.2 kuna njia ya ramani ya biti iliyo nyepesi zaidi yenye ulinzi hafifu wakati wa ajali, na kwamba diski nzima huandikwa upya mwanzoni. Kuisimamia kwa mkono ni kazi ya kuchosha, hivyo ningeshauri kuiwasha kupitia LVM, chombo cha Linux cha kugawa na kuunganisha diski, kwa `lvcreate --raidintegrity y`. Andiko lililopotea pamoja na cheksamu yake bado linaweza kuipita, kwa kuwa vyote viwili hukaa kwenye diski ileile.

ZFS

ZFS ilitoka Sun Microsystems, na msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2005. Haikujengwa kama RAID chini ya mfumo wa faili. Ni kitu kimoja kinachojua diski, pariti, faili na cheksamu kwa pamoja, na ujuzi huo wa pamoja ndio kiini cha ubora wake.

Jambo la kwanza ni mahali cheksamu inapokaa. Cheksamu ya bloku, yaani kipande cha data, haiwekwi kando ya bloku hiyo bali ndani ya kielekezi cha bloku iliyo juu yake, na cheksamu ya hiyo ya juu ikawekwa juu zaidi, hadi kwenye mzizi. Kwa hiyo diski ikikiri kuandika ilhali haikuandika, bloku ya zamani itakayosomwa haitapatana na kile mzazi wake anachokitarajia, na andiko lililopotea, ambalo sekta za baiti 520 na dm-integrity zinaweza kulikosa, linakamatwa.

Jambo la pili ni namna cheksamu inavyoipa pariti macho. Turudi kwenye 1010, 0110 na 1101. RAID-Z, yaani RAID ya pariti ya ZFS, ikisoma na kukuta cheksamu haipatani, hujaribu dhana moja baada ya nyingine. Ikidhani diski ya pili ndiyo mbaya, itajenga 0111 na kupata jozi ya 1010 na 0111, ambayo cheksamu itaikataa. Ikidhani ya kwanza ndiyo mbaya, itajenga 1011 kutoka 0110 na 1101, na jozi ya 1011 na 0110 itapatana. Hapo inamjua mwongo, inairudishia programu data sahihi, inaandika upya sekta iliyoharibika, na kuongeza hesabu kwenye safu ya CKSUM utakayoiona kwa amri ya `zpool status`. Hesabu hiyo ikipanda kwenye diski moja, tazama diski na kebo yake. Ikipanda kwenye zote kwa pamoja, shuku kumbukumbu, umeme au kadi.

Jambo la tatu ni kwamba haiandiki juu ya data iliyopo. Bloku mpya huandikwa mahali papya pamoja na pariti yake, na mzizi hubadilishwa mwisho, hivyo umeme ukikatika unabaki na hali ya zamani iliyo kamili. Shimo la uandishi halipo, na betri haihitajiki kwa ajili hiyo.

Kosa lisiloweza kurekebishwa pia hushughulikiwa kwa namna ninayoithamini sana. Kadi nyingi zikikuta sekta isiyosomeka wakati wa kujenga upya RAID 5 zinaweza kusitisha ujenzi wote. ZFS huendelea, na `zpool status -v` hukutajia jina la faili lililoathirika, ukalirudisha hilo moja kutoka kwenye chelezo, yaani nakala ya akiba. Hapa niseme neno kuhusu hofu maarufu ya watengenezaji kutaja kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10^14, yaani kama terabaiti 12.5. Wengi hukokotoa kutoka hapo kwamba RAID 5 ya diski sita za terabaiti 8, inayohitaji kusoma terabaiti 40 ili ijijenge upya, lazima ishindwe. Namba hiyo ni kikomo ambacho mtengenezaji anakidhamini, na diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Sababu yenye nguvu zaidi ya kuchagua pariti mbili ni muda: diski ya terabaiti 16 ikiandikwa kwa megabaiti 200 kwa sekunde huchukua saa 22 kujaa, na kwa saa hizo zote safu yenye pariti moja haina kinga.

Udhaifu wake ni wa kweli. Kundi la RAID-Z hutoa kasi ya usomaji wa nasibu inayokaribia ya diski moja, kwa hiyo hifadhidata na mashine pepe zinahitaji jozi za nakala. Kuongeza diski moja kwenye RAID-Z kumewezekana kuanzia OpenZFS 2.3 ya mwaka 2025 tu (OpenZFS ndiyo ZFS inayotumika kwenye Linux). Kwa sababu za leseni haimo ndani ya kerneli ya Linux, hivyo kila sasisho la kerneli huhitaji moduli inayolingana nalo. Na usiiweke juu ya kadi ya RAID inayoionyesha diski moja kubwa: itagundua uharibifu wa mafaili yako lakini haitakuwa na nakala ya pili ya kuyatibu.

Btrfs

Btrfs ni mfumo wa faili wa Linux uliomo ndani ya kerneli tangu 2.6.29 ya mwaka 2009, ina cheksamu za data na za muundo, nayo hujitibu kama ZFS pale unapotumia RAID 1, ambayo kwake ina maana ya nakala mbili hata ukiwa na diski tano. Kuanzia Linux 5.5 zipo pia namna za nakala tatu na nne. Hukubali diski za ukubwa tofauti na huongezewa au kupunguziwa diski kwa urahisi. RAID 5 na 6 zake, kwa upande mwingine, nyaraka zake zenyewe zinaonya dhidi ya kuzitumia kwa data ya maana, na sioni sababu ya kubishana na onyo hilo. Angalia pia chaguo la `nodatacow`, ambalo watu huliwasha kwa ajili ya kasi ya mashine pepe: huzima cheksamu za mafaili hayo, na tangu hapo nakala zako mbili zinarudi kwenye hali ya md isiyo na dm-integrity.

Uchague ipi

Kwa hifadhi ya nyaraka, picha na chelezo kwenye diski sita hadi nane, ningechukua ZFS yenye RAID-Z2, ile ya pariti mbili, bila kusita. Kwa hifadhidata, ZFS yenye jozi za nakala. Kwa kompyuta ya mezani ya Linux yenye diski mbili, Btrfs RAID 1 inatosha na haina usumbufu wa moduli. Pale ambapo kanuni za kazi zinataka kilichomo ndani ya kerneli pekee na unahitaji pariti, RAID 6 ya LVM pamoja na dm-integrity ni jibu zuri, ukiwa tayari kulipia kasi. Kadi ya maunzi ningeibakiza pale mfumo endeshi usipoacha chaguo jingine, na hapo ningetunza orodha ya cheksamu za `sha256` za mafaili muhimu na kuihakiki kila mwezi, maana kadi haitakufanyia kazi hiyo.

Uchaguzi wowote utakaoufanya, ukaguzi kamili uendeshwe kila mwezi na matokeo yake yatumwe kwa barua pepe ambayo kuna mtu anaisoma. Kumbukumbu yenye ECC, inayogundua na kusahihisha biti zilizogeuka, ni ya lazima kwa mifumo yote minne kwa kiwango kimoja, kwa kuwa biti iliyogeuka kabla cheksamu haijakokotolewa itahifadhiwa kwa uaminifu mkubwa ikiwa tayari imeharibika. Epuka diski zinazoandika kwa njia zinazopandana (SMR), kwani ujenzi upya unaweza kuzifanya zizubae hadi zitolewe kundini. Na chelezo iwe mahali pengine, kwa sababu faili lililofutwa kwa makosa hufutwa kwenye diski zote kwa cheksamu sahihi kabisa.

Liko jambo moja dogo ambalo ningelikagua leo kwenye mashine yoyote ya md yenye diski za kawaida za mezani. Diski hizo zikikuta sekta ngumu zinaweza kung'ang'ana nayo kwa dakika nzima au zaidi, ilhali Linux huvumilia sekunde 30 kisha huirudisha diski mwanzo, na safu huiona kuwa imekufa kwa sababu ya sekta moja ambayo ingerekebishwa kutoka kwa jirani. Amri ya `smartctl -l scterc,70,70` huiambia diski ikate tamaa baada ya sekunde 7. Diski isiyoikubali amri hiyo, ongeza uvumilivu wa kerneli hadi sekunde 180 kupitia faili la `timeout` la diski hiyo lililo chini ya `/sys/block`, na uweke amri hiyo mahali itakapoendeshwa upya kila mashine inapowaka, kwa kuwa mpangilio huo haudumu baada ya kuzimwa.